Amali Ndogo Isiyokatika: Mazoea Yanayomjenga Mtu Katika Kazi Yake

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mjini Tanga baada ya swala ya Isha, mbele ya jamaa wa msikiti, wazee kwa vijana. Msemaji alifanya kazi ya stoo na ugavi kwa zaidi ya miaka thelathini.)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu zangu, nimetakiwa nizungumze juu ya mazoea yanayomwinua mtu katika kazi yake. Nimelipokea agizo hili kwa haya, kwa sababu mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili baada ya kuanguka, si kabla. Kwa hiyo nitaanza kwa kuwaeleza aibu yangu, kisha ndipo nitoe nasaha. Nasaha ya mtu anayeficha kovu lake haina uzito.

Mwaka 1988 niliajiriwa kuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya mkoa huu. Kazi yangu ilikuwa kupokea mali, kuipanga, kuitoa kwa hati, na kuandika katika kadi ya kila bidhaa kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Ni kazi nyepesi kuielewa. Yameingia mabati mia, andika mia. Yametoka ishirini, andika ishirini, baki themanini. Nami nilikuwa kijana mwenye kumbukumbu nzuri, na nilijivunia jambo hilo. Nikazoea kuzitia zile hati katika droo, nikisema nitaziandika kesho. Kesho ikawa Jumamosi, na Jumamosi ikawa mwisho wa mwezi. Hakuna aliyeniuliza, na mimi nikadhani kwamba kutoulizwa ni dalili ya kufanya vizuri.

Mwaka 1996 wakaja wakaguzi wa hesabu bila taarifa. Wakahesabu mali ya stoo kitu kimoja kimoja, wakakuta upungufu wa mifuko 43 ya saruji na nondo kadhaa. Mwenyezi Mungu ndiye shahidi yangu kwamba sikuchukua hata msumari mmoja. Lakini nilipoulizwa mifuko ile ilikwenda wapi, sikuwa na la kuonyesha isipokuwa hati chache zilizokunjamana, na maneno ya "nakumbuka" na "nadhani". Nikasimamishwa kazi, na baada ya miezi miwili nikaachishwa kabisa.

Kupoteza mshahara kulikuwa kuchungu, lakini kulikuwa na uchungu zaidi ya huo. Watu niliosimama nao safu moja msikitini wakaanza kunisalimu kwa mkato. Mke wangu alikwenda dukani akasikia maneno, akarudi nyumbani bila kununua alichoendea. Sikuwa mwizi, lakini sikuweza kuthibitisha kwamba si mwizi.

Katika siku zile likanijia swali ambalo ndilo chimbuko la hotuba hii. Nilikuwa mtu wa jamaa. Swala ya Alfajiri ilikuwa hainipiti. Basi mtu anayeweza kusimama mara tano kila siku kwa wakati wake, kwa miaka mingi, katika mvua na katika usingizi, anashindwaje kuandika mstari mmoja kwa wakati wake?

AMANA NI PAMOJA NA KUWEZA KUONYESHA

Wengi wetu tunafahamu amana kwa maana ya kutoiba. Hiyo ni nusu yake. Nusu ya pili ni kuihifadhi mali au kazi ya mtu kwa namna ambayo akikuuliza unaweza kumjibu.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu ni ya 282 ya Sura Al-Baqara, nayo kwa sehemu kubwa inahusu kuandika deni. Inawaamuru waumini waandikiane, wala wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa pamoja na muda wake, na inaeleza kwamba kufanya hivyo ni uadilifu zaidi, kunaimarisha ushahidi, na kunaondoa shaka. Niliisoma aya hiyo mara nyingi tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri kwamba inamhusu karani wa stoo mwenye droo iliyojaa hati. Wahenga wetu nao walilisema kwa ufupi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tumwangalie pia Nabii Yusuf (a.s.). Alipotaka kukabidhiwa hazina za nchi ya Misri, alitaja sifa zake mbili: kwamba yeye ni mhifadhi, na kwamba ni mjuzi. Hakutaja ukoo wake, ijapokuwa alikuwa mtoto wa Nabii na mjukuu wa Manabii. Ndugu zangu, kila kazi tunayoifanya inasimama juu ya nguzo hizo mbili. Anayehifadhi bila kujua hupitwa na wakati, na anayejua bila kuhifadhi huishia pale nilipoishia mimi. Wala nguzo hizo hazijengwi kwa siku moja ya bidii kubwa. Hujengwa kwa jambo dogo linalorudiwa.

KIDOGO KINACHODUMU

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa chache. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Tumeizoea katika mambo ya swala za sunna na sadaka. Tuipeleke pia ofisini, karakana na sokoni.

Nilipoachishwa kazi nilipata kibarua katika duka la vifaa vya ujenzi. Nikaweka nia kwamba safari hii nitajisomea elimu ya stoo na hesabu mpaka niwe na cheti. Nikajipangia saa mbili kila siku baada ya Alfajiri, na saa nyingine mbili baada ya Isha. Siku ya kwanza nilifurahi, na siku ya tano nikasinzia juu ya kitabu. Haikupita wiki ya pili nikaacha kabisa, nikajiona mtu asiyefaa.

Palikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani, tuliyeswali pamoja. Nilimweleza shida yangu. Akaniambia, "Mwanangu, umejikopesha deni usiloweza kulipa. Anza na lile ambalo hata ukiwa na homa utalifanya." Nikarudi nyumbani nikapunguza: nusu saa tu, baada ya Alfajiri, siku tano kwa wiki, mahali pamoja, mkekani, kabla ya kunywa chai. Usiku hapana.

Hebu tufanye hesabu. Nusu saa kwa siku tano ni saa mbili na nusu kwa wiki. Kwa wiki 50 ni saa 125. Hizo ni zaidi ya siku kumi na tano za kazi, zenye saa nane kila siku, ambazo mtu amekaa anajifunza tu. Ni nani kati yetu ambaye mwajiri wake angempa siku kumi na tano kila mwaka za kusoma? Lakini mimi nilizipata, bila ruhusa ya mtu, kutoka katika muda ambao awali ulipotea kwa kujinyosha na kusubiri chai. Leo kwa wengi wetu muda huo unaliwa na simu ya mkononi. Mtu anatoa salamu ya mwisho ya Alfajiri, hajamaliza nyiradi zake, kidole kimeshafika kwenye kioo.

Elimu ya zama hizi nayo inaunga mkono jambo hili. Mwaka 2009 watafiti wa University College London walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watu 96. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kulifanya kila siku, akalifungamanisha na tukio la kila siku, kwa mfano baada ya kustaftahi, nao wakamfuatilia kwa wiki kumi na mbili. Walikadiria kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lile liwe mazoea yanayojiendea yenyewe. Lakini watu walitofautiana sana: wengine siku 18, wengine makadirio yalifika siku 254. Na wakaona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea.

Nataka vijana mshike mambo mawili hapo. La kwanza, msiamini kwamba kila mtu hubadilika kwa siku ishirini na moja kama inavyosemwa mitaani. Ukifika siku ya arubaini na bado unajilazimisha, hujashindwa, uko njiani. La pili, ukikosa siku moja, rudi siku ya pili. Anayevunja mazoea yake ni yule ambaye akikosa mara moja husema, basi imeshaharibika.

SWALA ZETU NI VIGINGI

Wale watafiti waliwataka watu watafute tukio la kila siku la kufungia zoea lao. Sisi tunayo matano, yaliyowekwa na Mwenyezi Mungu, na mwadhini hutukumbusha kwa sauti. Nitawaelezeni namna nilivyofunga kazi yangu katika vigingi hivyo, kisha kila mmoja aangalie kinachoafikiana na kazi yake.

Kigingi cha kwanza ni Alfajiri, nacho ni cha kujifunza. Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika saa za mapema za siku. Aliyesimulia hadithi hiyo ni sahaba Sakhr Al-Ghamidi (r.a.), ambaye alikuwa mfanyabiashara. Imepokewa kwamba yeye mwenyewe aliifanyia kazi: alikuwa akipeleka bidhaa zake mwanzo wa siku, na mali yake ikawa nyingi. Hakuishia kuisimulia kwa wenziwe. Aliifanya kuwa desturi ya biashara yake. Basi asiyejua kompyuta ajifunze asubuhi. Fundi wa magari asome ukurasa mmoja wa kitabu cha gari jipya linaloingia nchini. Mwalimu aandae somo lake.

Kigingi cha pili ni Adhuhuri, nacho ni cha ahadi. Kabla sijatoka kwenda kuswali nilijiuliza: leo nimemwahidi nani nini, na kipi bado? Ahadi ni deni. Mafundi wetu wa cherehani wanajua uzito wa jambo hili zinapokaribia sikukuu. Mtoto wa watu anangoja kanzu ya Idi, fundi anasema njoo kesho, na kesho ndiyo Idi. Ingekuwa fundi ana zoea la kusoma daftari lake la ahadi kila adhuhuri, angejua mapema kwamba kazi imemzidi, akamwambia mteja ukweli siku kumi kabla. Mteja huyo angehuzunika siku moja, lakini angerudi mwakani.

Hapa niseme neno ambalo huenda likatukera. Wapo kati yetu wanaotoka kazini kwenda kuswali Adhuhuri kwa dakika ishirini, nao wakarudi baada ya saa nzima, na akiuliza msimamizi wanasema nilikuwa msikitini. Tunaifanya ibada kuwa kisingizio cha kupunja muda ambao mtu ametulipa. Matokeo yake ni kwamba kijana mwingine Mwislamu akiomba ruhusa ya kuswali mahali hapo, anatazamwa kwa shaka. Swala inatufundisha wakati; tusiitumie kuvunja wakati.

Kigingi cha tatu ni Alasiri, nacho ni cha kuandika. Hiki ndicho kilichoniokoa. Niliweka sharti kwamba sitoki kazini kabla kila hati ya siku ile haijaingia katika kadi yake, na kabla sijahesabu bidhaa tatu kwa mkono na kulinganisha na maandishi. Bidhaa tatu tu, kila siku tofauti. Katika duka lile lenye aina mia tatu hivi za bidhaa, kwa siku mia moja za kazi nilikuwa nimelizunguka lote. Kosa lilipotokea nililiona likiwa bado dogo, na aliyehusika bado anakumbuka. Mama lishe anaweza kufanya vivyo hivyo: unga kilo ngapi, mkaa wa shilingi ngapi, sahani ngapi zimeuzwa, nani amekula kwa mkopo. Daftari la shule la mtoto linatosha. Siku akitaka mkopo wa kukuza biashara yake, daftari lile litasema kwa niaba yake.

Kigingi cha nne nilikiweka usiku wa kuamkia Ijumaa baada ya Isha, nacho ni cha kujihesabu. Imepokewa kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba aliwausia watu wajihesabu wenyewe kabla hawajahesabiwa. Nilikuwa na maswali matatu: wiki hii nimejifunza nini ambacho sikukijua? Nimechelewa wapi? Nani nimemdhulumu kwa neno au kwa uzembe? Haikuzidi robo saa. Mambo mengi niliyoyaepuka baadaye niliyaona kwanza katika robo saa ile.

Magharibi sikuifunga na kazi yoyote. Niliwaachia watoto wangu, nayo pia ni amana.

WALIOTUTANGULIA

Msidhani kwamba haya ni mageni kwetu. Mji huu wa Tanga unamfahamu vyema Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909. Alikuwa karani wa serikali tangu mwaka 1926, akianzia idara ya forodha, na akaendelea na ukarani kwa zaidi ya miaka thelathini. Maandishi yake mengi tunayojivunia leo yaliandikwa na mtu mwenye kazi yake nyingine ya kila siku. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka kwanza sehemu kwa sehemu, mpaka ilipochapishwa kamili mwaka 1969. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu anayengoja apate nafasi. Hufanywa na mtu anayerudi mezani pake leo, na kesho, na kesho kutwa.

MWISHO WA KISA, NA TAHADHARI

Mtataka kujua mwisho wangu ulikuwaje. Nilikaa katika duka lile miaka saba. Mwaka 2004 nilipata nafasi ndogo ya msaidizi wa stoo katika taasisi nyingine, na aliyenipendekeza alikuwa yule mwenye duka, ambaye alinipa barua pamoja na madaftari yangu mawili ili wayaone. Mwaka 2010, baada ya kuanguka mara mbili, nilifaulu mtihani wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Nilistaafu mwaka 2021 nikiwa mkuu wa stoo. Katika miaka hiyo wakaguzi walikuja mara nyingi, na mara moja walikuta upungufu. Nikafungua daftari, nikaonyesha siku, saa na sahihi ya aliyechukua. Jambo likaisha kwa dakika kumi. Siku hiyo nilikwenda chooni nikalia, maana nilikumbuka mwaka 1996.

Lakini natoa tahadhari. Siwaahidi kwamba kila mwenye mazoea mema atapanda cheo. Nimewaona watu waaminifu na wajuzi waliopitwa na jamaa wa wakubwa, na nimewaona waliopunguzwa kazini bila kosa. Riziki iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na dhulma ipo duniani. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba mazoea mema hayapotei pamoja na ajira. Ukiondolewa mahali pamoja, unatoka nayo. Mwajiri anaweza kukunyima cheo, lakini hawezi kukunyang'anya saa 125 ulizosoma, wala jina lako kwa wale uliowatimizia ahadi.

Basi ndugu zangu, msitoke hapa na orodha ya mambo kumi. Usiku huu kila mmoja achague jambo moja, dogo, ambalo hata akiwa na homa atalifanya. Alifunge katika swala moja kati ya hizi tano. Aseme: nikishatoa salamu ya swala fulani, nitafanya jambo fulani, mahali fulani. Mwenye mke amwambie mkewe, na mwenye mume amwambie mumewe, ili wakumbushane. Na akikosa siku moja, arudi siku ya pili.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wahifadhi na wajuzi katika kazi zetu, abariki asubuhi zetu, azisafishe chumo zetu na haramu na uzembe, na awafungulie milango ya riziki vijana wetu wanaotafuta kazi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.